Goti Likiuma kwa Baiskeli: Kuchagua Pedali na Soli za Ndani, Hatua kwa Hatua

Goti likianza kuuma, wengi hukimbilia dukani kununua pedali mpya. Subiri kidogo. Mguu wa mwendesha baiskeli umebanwa juu na chini: juu kuna siti, chini kuna pedali. Nyonga inaweza kujigeuza, kifundo cha mguu nacho kinaweza. Goti ni kama bawaba, kazi yake ni kukunja na kukunjua, halipendi kusokotwa. Unyayo ukikaa upogo juu ya pedali, ni goti linalobeba gharama, na hulibeba mara nyingi: kwa mizunguko 60 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 3,600 kwa kila mguu.

Maelezo mengi hapa ni ya baiskeli ya kawaida ya matairi ya inchi 28, ya kubebea mizigo na abiria, pamoja na zile za mtumba. Pedali za kunasa viatu, za washindani wa mbio za baiskeli, zina sehemu yake mwishoni.

Goti lililovimba na kuwa la moto, linalokwama lisinyooke, lililoumia kwa kuanguka, au linalouma usiku ukiwa umelala, halitibiwi kwa spana. Hilo ni la hospitali. Mwenye kisukari asijitengenezee soli za ndani bila kukagua nyayo zake kila siku, maana lengelenge asilolihisi linaweza kugeuka kidonda.

Kwanza, gusa panapouma

Weka kidole kimoja mahali hasa panapouma. Kidole kimoja, si kiganja kizima.

Mbele ya goti, kuzunguka kilegesambwa: siti iko chini mno, au gia ni nzito mno. Pedali mara nyingi haina kosa hapa, na utanunua bure.

Nyuma ya goti: siti iko juu mno, unaifuata pedali kwa kujinyoosha.

Upande wa ndani wa goti: vidole vya mguu vimegeukia nje sana, au unyayo unalalia ndani kila unapokanyaga. Upande wa nje: vidole vimegeukia ndani, miguu iko karibu mno na fremu, au siti imezidi kimo.

Kano ya kisigino: unakanyaga kwa ncha ya mguu. Moto au ganzi chini ya vidole: pedali ndogo, soli laini, au kiatu kinachobana. Nyonga ya upande mmoja tu: siti ya juu inayokufanya uyumbe, au mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake.

Siti kabla ya pedali

Vaa viatu unavyoendeshea. Egemeza baiskeli ukutani, kaa, zungusha hadi pedali moja ifike chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Goti linyooke kabisa bila nyonga kuinama upande. Kama halinyooki, pandisha siti. Kama kisigino hakifiki, ishushe. Ukirudisha unyayo mahali pake pa kukanyagia, goti litabaki limejikunja kidogo, kama digrii 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotakiwa.

Ukipenda hesabu, pima kutoka msambani hadi sakafuni bila viatu, uzidishe kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kutoka katikati ya ekseli kubwa ya chini, inayoshika mikono ya pedali (vyuma viwili vinavyobeba pedali), hadi juu ya siti. Mwenye sentimita 82 atapata kama 72.4. Hesabu hii haijui unene wa viatu wala wa pedali zako, kwa hiyo jaribio la kisigino ndilo lenye neno la mwisho.

Badilisha milimita 5 kwa mara moja. Chora alama kwenye nguzo ya siti kabla ya kulegeza nati, ili ujue ulikotoka. Nguzo isitoke sana: ibaki ndani ya fremu sentimita 6 hadi 7 au zaidi, la sivyo itapinda au kupasua bomba. Anayebeba abiria hupenda siti ya chini ili miguu ifike ardhini haraka, na ana haki. Lakini asishushe zaidi ya sentimita 1 au 2 chini ya kipimo chake, na ajue kwamba kila sentimita inakwenda kwenye kilegesambwa.

Kagua pedali uliyonayo

Kwenye baiskeli zetu, kisababishi kinachosahaulika kuliko vyote ni ekseli ya pedali iliyopinda. Baiskeli ikianguka na gunia la mkaa, pedali ndiyo inayopiga chini kwanza. Ekseli inapinda kidogo tu, pedali inaendelea kuzunguka vizuri, na mwenyewe haoni kitu. Ila kila mzunguko unyayo unainamishwa ndani, kisha nje, ndani, nje, na goti linafuata.

Pandisha baiskeli kwenye stendi, chuchumaa nyuma yake. Shikilia pedali ikae sambamba na ardhi huku mwenzako akizungusha mkono wa pedali polepole, mzunguko mzima. Ukiona uso wa pedali unainama upande mmoja na baadaye upande wa pili, kuna kitu kimepinda. Kujua ni kipi, anza kuifungua pedali kwa spana huku ukitazama ncha yake ya nje. Ncha ikichora duara wakati ekseli inazunguka kwenye hesi (mistari ya skrubu), ekseli ndiyo iliyopinda. Ikitoka imetulia, lakini imeelekea upogo, uliopinda ni mkono wa pedali. Mkono wa chuma fundi mzuri anaweza kuunyoosha. Wa alumini usikubali unyooshwe, utakatika siku nyingine ukiwa barabarani. Ekseli iliyopinda usiinyooshe, badilisha pedali.

Halafu shika pedali uitikise juu na chini. Ikicheza, gololi zimelika au koni inayozibana imelegea. Toa kifuniko cha mwisho, legeza nati ya kufungia, kaza koni hadi mchezo uishe lakini pedali bado izunguke kwa kusukumwa na kidole, kisha funga nati. Ukikaza kupita hapo itakwaruza na kujila.

Tazama pia raba za pedali. Zikiliwa upande mmoja, unyayo unakaa kwenye mteremko. Zikigeukageuka kwenye vyuma vyake, mguu unatafuta pa kushika kila mara. Raba peke yake hubadilishwa kwa bei ndogo kuliko pedali nzima.

Mwisho, pini za mikono ya pedali, zinazoifunga mikono hiyo kwenye ekseli kubwa. Ukisikia mgongano mdogo kila mzunguko, pini moja imelegea. Na kuna kosa la fundi wa haraka: pini mbili zinatakiwa kuingia kwa pande zinazopingana. Zikiingizwa kwa upande mmoja, mikono haitakaa kwenye mstari mmoja, mguu mmoja utakuwa mbele ya mwenzake daima. Weka mkono mmoja uwe mlalo, chutama, tazama kama ule wa pili umenyooka nao.

Kuchagua pedali mpya

Anza na hesi. Pedali nyingi za watu wazima zina hesi ya inchi 9/16, yaani kipenyo cha milimita 14.3 hivi. Baiskeli nyingi za watoto, na zile ambazo mikono miwili ya pedali ni chuma kimoja kilichopinda, zina inchi 1/2, yaani 12.7. Pima ya zamani kwa rula kabla ya kwenda dukani, maana hizi mbili hazibadilishani.

Upana: simamisha mguu wenye kiatu juu ya pedali. Ukingo wa nje wa unyayo usining'inie hewani. Kwa mtu mzima, uso wa milimita 95 hadi 105 unatosha.

Urefu wa mbele hadi nyuma unategemea kiatu. Jaribu kukikunja kiatu chako kwa mikono miwili. Ndala hujikunja kama chapati, na juu ya pedali fupi itakunjika ukingoni na kuuacha unyayo ubebe mzigo wote kwenye mstari mmoja. Raba za kitambaa zina afadhali kidogo. Katambuga za tairi, kwa ugumu wa soli, zinashinda viatu vingi vya dukani. Tatizo lake ni kisigino kinachoteleza. Mwenye soli laini atafute pedali yenye urefu wa sentimita 10 hivi. Mwenye soli ngumu anaweza kutumia fupi.

Mshiko ndio unaowagawa watu. Pedali za alumini zenye pini ndefu za kushikia soli hazitelezi hata kwenye tope, na ni nzuri kwa milima. Lakini pini zikishauma soli, mguu unabaki ulivyotua, na kama ulitua vidole vikiangalia nje, goti litasokotwa hadi ushuke. Kwa goti linalouma pembeni, chagua raba au pini fupi zinazouruhusu mguu kujisogeza. Pedali za plastiki za baiskeli za mtumba zinafaa mjini. Mvua ikinyesha zinateleza, na pedali inayoponyoka mguuni hukupiga muundi kwa nguvu utakayoikumbuka.

Umbali kutoka fremu: mwenye nyonga pana, au mwenye miguu inayojigeuza nje kiasi cha kisigino kugonga mkono wa pedali, anahitaji kuusogeza unyayo nje. Washa (kipete cha chuma) nyembamba ya milimita 1 kati ya ekseli na mkono inasaidia kidogo. Viko pia vipande vya kurefusha vya milimita 20. Navyo ni vizuri, isipokuwa kwa anayebeba mizigo mizito, kwani huongeza nguvu ya kupinda kwenye hesi ya mkono.

Pima unene pia. Ukibadilisha pedali nene ya raba kwa pedali nyembamba ya alumini, tofauti ya sentimita moja si ajabu, na unyayo unashuka kwa kiasi hicho. Shusha siti kwa kiasi hichohicho. Wengi hulaumu pedali mpya kwa maumivu ya nyuma ya goti, kumbe siti imebaki juu.

Kufunga bila kuharibu hesi

1. Soma herufi kwenye ncha ya ekseli: R ni ya kulia, L ni ya kushoto, ukiwa umekaa kwenye baiskeli.
2. Kumbuka hesi ya kushoto ni ya kinyume. Kanuni rahisi: ukisimamisha spana wima juu ya ekseli, kuisukuma kuelekea mbele ya baiskeli ni kukaza, kuelekea nyuma ni kufungua. Ni hivyo pande zote mbili.
3. Tumia spana namba 15. Pedali zisizo na bapa za spana hufunguliwa kwa spana ya L ya milimita 6 au 8 kutoka nyuma ya mkono. Iliyoganda ipake mafuta ulale nayo, usiipige nyundo.
4. Safisha hesi, paka grisi.
5. Anza kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Ikigoma baada ya nusu mzunguko, itoe uanze tena. Hapa ndipo mikono ya alumini inapoharibiwa: mtu anachanganya kulia na kushoto, anaona inagoma, anachukua spana kulazimisha.
6. Kaza kwa nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ndefu, kama Nm 35 hadi 40 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kaza tena baada ya siku mbili tatu za kuendesha.

Mahali pa kuweka unyayo

Nyuma tu ya kidole gumba kuna sehemu pana iliyotuna. Tuiite mto wa unyayo. Kwa kawaida mto huo unakaa juu ya ekseli ya pedali au mbele yake kwa sentimita 1 hivi. Anayeumwa kano ya kisigino ausogeze mguu mbele zaidi, ekseli ije karibu na katikati ya unyayo. Watu huwacheka wanaokanyaga kwa katikati ya mguu, lakini ndiyo njia inayolipumzisha shavu la mguu na kano yake, na kwa mwendo wa pole wenye mzigo haipotezi chochote. Ukifanya hivyo shusha siti kidogo, hadi nyonga ziache kuyumba.

Mwelekeo wa vidole usiulazimishe. Kaa juu ya meza, ning'iniza miguu, iache ilegee. Namna vidole vinavyoelekea hapo ndivyo vinavyotaka kuelekea kwenye pedali, hata kama mguu mmoja unatofautiana na mwenzake.

Soli za ndani

Soli za kutembelea zinazouzwa madukani husimamia zaidi kisigino, kwa sababu mtembeaji hutua kwa kisigino. Kwenye baiskeli kisigino hakibebi karibu kitu. Mzigo wote uko mbele. Ndiyo maana soli ya bei kubwa inaweza kukufaa barabarani kwa miguu na isikusaidie lolote kwenye pedali.

Lowesha unyayo, kanyaga kwenye boksi kavu, tazama alama. Ikijaa kote, upinde wako ni bapa. Ikiacha ukanda mwembamba tu upande wa nje, upinde uko juu. Wote wawili wanahitaji kuegemezwa upinde.

Kwa vifaa, mshona viatu ana vipande vya sponji ngumu, na soli ya ndala ya zamani inafanya kazi hiyohiyo. Sponji laini ya godoro haifai; inabonyea na kuurudisha mguu ulikokuwa.

1. Toa soli ya ndani iliyomo kwenye kiatu, ichore juu ya sponji ngumu ya milimita 3, kata.
2. Kwa upinde, kata kipande cha urefu wa sentimita 7 hadi 8, unene wa milimita 5 katikati, ukikipunguza kwa wembe hadi sifuri kwenye kingo. Kibandike kwa utepe kwanza, si gundi.
3. Vaa, simama kwa mguu mmoja, kunja goti kidogo. Upinde uhisi umeguswa, si kusukumwa. Baada ya siku kadhaa ukiona unahitaji zaidi, ongeza milimita 2. Ukianza na milimita 10 utapata maumivu mapya ya upinde.
4. Kama tatizo ni moto au ganzi chini ya vidole, paka masizi kidogo mahali panapouma, vaa kiatu, kanyaga, vua. Masizi yataacha doa kwenye soli. Kipande kidogo cha sponji ngumu cha ukubwa wa sentimita 4 kwa 5, unene wa milimita 5, kinabandikwa nyuma ya doa, kuelekea kisigino, kisilifunike. Kikiwekwa juu ya doa lenyewe, kinazidisha maumivu. Hili ndilo kosa la kila anayejaribu mara ya kwanza.
5. Kiatu kisibane. Kama vidole havichezi tena, punguza unene au badilisha kiatu.

Soli yote ikiongezeka unene kwa milimita 4, pandisha siti kwa milimita 4.

Kabari ni kwa ajili ya goti linaloangukia ndani. Bandika alama nyeupe juu ya kila goti, weka simu chini barabarani ikikutazama na kurekodi, iendee polepole ukiwa kwenye gia unayotumia kila siku. Goti zuri hupanda na kushuka karibu na mstari ulionyooka. Likikata kuelekea fremu kila unapokandamiza, weka kabari chini ya mto wa unyayo, sehemu nene ikiwa upande wa kidole gumba: milimita 3 ndani, ikipungua hadi sifuri nje. Kwa unyayo wenye upana wa sentimita 8 hiyo ni kama digrii 2, na inatosha kuanzia. Rekodi tena. Kama mstari haujabadilika au goti sasa linakimbilia nje, itoe.

Mguu mfupi upimwe kabla ya kushukiwa: lala chali, mwenzako apime kwa tepu kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kifundo cha ndani, mara tatu kila mguu. Chini ya milimita 5, achana nayo. Zaidi ya hapo, jaza nusu ya tofauti. Kwa milimita 10, mshona viatu aongeze soli ya milimita 5 chini ya kiatu cha mguu mfupi, urefu wote, si kisigino peke yake.

Gia nzito haitibiwi na soli

Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea kama mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Badilisha friwili ya meno 18 kwa ya 22, nayo itasogea mita 4.4. Utakanyaga mara nyingi zaidi kwa safari ileile, lakini kila kanyagio litakuwa jepesi karibu kwa moja ya tano. Kwa anayepandisha ndoo za maziwa kilimani, mabadiliko haya yanazidi pedali yoyote ya bei mbaya. Mnyororo utahitaji kurefushwa au gurudumu kusogezwa mbele. Fundi ahesabu pingili kabla ya kukata chochote.

Pedali za kunasa

Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyojulikana kwa vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilitoa pedali zake za kunasa mwaka 1984, na Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France za 1985 akizitumia. Kifungo, yaani kipande kinachofungwa chini ya kiatu, kikinasa mguu bila nafasi ya kugeuka, goti ndilo linalokamatwa. Kwa hiyo tafuta vifungo vyenye mchezo, yaani digrii ambazo kisigino kinaweza kuyumba kabla ya kiatu kuachia.

Rangi za vifungo zinawaingiza watu mtegoni. Kwa pedali za Look Keo, nyeusi ni digrii 0, kijivu 4.5, nyekundu 9. Kwa SPD-SL za kampuni ya Shimano, nyekundu ni 0, buluu 2, njano 6. Yaani nyekundu ya Look ndiyo huru kuliko zote, na nyekundu ya Shimano haina mchezo kabisa. Anayeumwa goti na aliyezoea moja, akinunua nyingine kwa rangi tu, atajuta kabla ya kilomita 20.

Kabla ya kusogeza kifungo chini ya kiatu, chora mstari kukizunguka kwa kalamu ya wino. Sogeza milimita 2 au digrii moja, si zaidi, kaza skrubu kwa Nm 5 hadi 6, na legeza springi ya pedali iwe nyepesi kuachia hadi utakapopazoea.

Jambo moja kwa wakati, na safari tatu au nne kabla ya jingine. Andika tarehe, ulichobadilisha, milimita ngapi, na panapouma. Maumivu yakihama kutoka mbele kwenda nyuma ya goti, siti imepita kipimo, irudishe nusu. Yakizidi ndani ya safari ya kwanza, rudi kwenye alama uliyochora. Na kama baada ya majuma matatu ya kurekebisha goti bado liko vilevile, mpelekee daktari hayo maandishi pamoja na goti lenyewe.